Jina Lililoachwa Raskazone

Mlali, Kongwa
12 Machi 2023

Mwanangu Anitha,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye joto. Sisi ni wazima, isipokuwa mmoja, naye nitamfikia. Baba yako alipita hapa Jumapili akitokea Ipagala. Kaka yangu amenenepa hadi vifungo vya shati vinaomba msaada. Mwambie mama yako apunguze mafuta ya kupikia. Mvua mwaka huu inachagua: shamba la bondeni limepata, la juu limekauka. Alizeti zimesimama vizuri. Yule mbuzi wangu mweupe amezaa pacha, na mmoja ni mkorofi kweli, amekwisha kula ncha ya kanga yangu ya kanisani.

Najua unacheka. Shangazi ana simu na bado anaandika barua. Cheka tu. Nyumba hii ina masikio mengi kuliko magunia. Nikisema neno chumbani, mke wa Daudi anaitikia jikoni. Na ninalotaka kukuambia sitaki alisikie, wala Daudi mwenyewe, ingawa nilimzaa mimi. Barua hii nampa Fredy, kondakta wa basi la Tanga. Nilimfundisha darasa la tatu. Kuandika hajui hadi leo, lakini mzigo hapotezi.

Ni mtoto. Daudi na Hilda walipata mtoto wa kiume mwezi wa kwanza, na tangu atoke tumboni analia. Kulia kwa njaa nakujua mimi, nimelea na nimefundisha. Huyu analia ameshiba, analia usingizini, analia hadi midomo inabadilika rangi. Zahanati wanasema ni tumbo la uchanga, litakwisha lenyewe. Nesi ni binti mzuri, mchapakazi, lakini kwao ni Dar.

Sisi tunajua mtoto wa namna hiyo analilia jina. Kuna marehemu anataka kuitwa tena. Basi nimefanya kama tulivyofanyiwa sote: tone la maji mdomoni, jina sikioni. Nimemtajia baba yangu mzee Matonya, akazidi kulia. Nimemtajia babu wa upande wa Hilda. Nimemtajia hata mjomba wangu mlevi, nikasema labda. Wapi!

Jina lililobaki wanalijua wote na hakuna anayelitaja mbele yangu. Wanasema analilia Obedi.

Wewe ulikuwa sekondari wakati ule, lakini unakumbuka. Mwaka 2015 mwanangu Obedi alikwenda Tanga na kikundi cha ngoma kupiga zeze kwenye tamasha. Siku ya mwisho wakaenda kuoga baharini Raskazone. Wenzake wakarudi na mfuko wake na katambuga zake, wakasema viatu vilikuwa mchangani na mwenyewe hakuonekana. Maiti haikupatikana. Ndiyo maana sikunyoa nywele wala sikukubali matanga. Nizike nini, katambuga?

Na kwetu, mwanangu, jina moja halivaliwi na watu wawili walio hai. Obedi mwenyewe alilia hivihivi alipozaliwa, tukampa jina la kaka yake mkubwa aliyekufa kwa surua, akanyamaza saa ileile. Yule alikuwa kaburini, jina lilikuwa wazi. Lakini nikimnong'oneza mjukuu wangu jina hilo leo, nimemzika mwanangu kwa mdomo wangu.

Uko Tanga, una miguu na una kalamu. Niulizie. Nataka neno moja tu, yupo au hayupo, kabla wazee hawajanishinda. Watu wa huko hujisifu eti waja leo waondoka leo. Basi waulize, wa kwetu alikuja leo gani hata asiondoke?

Ni mimi shangazi yako,
Zipora


Tanga
2 Aprili 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua nimeipata. Fredy alinikabidhi kwa mikono miwili, akauliza kama bado unachapa watu rula kwenye vidole. Nikamwambia umestaafu, akasema haamini.

Mimi mzima. Nimenunua baiskeli ya mtumba kwa sababu hapa kila mtu yuko juu ya baiskeli, hadi wazee wenye kanzu. Nimeshajua kula bada, ugali wao wa muhogo. Baba nimempigia, anasema shati ndilo limerudi baada ya kufuliwa.

Fildi yangu ya chuo ni kupima majengo ya zamani ya Wajerumani kabla hayajaanguka. Mimi nimepewa nyumba moja ya ghorofa karibu na bandari. Kuta ni nene, mawe ya matumbawe na chokaa, roshani ya mbao imeizunguka pande zote, na kila chumba kina milango miwili inayotazamana ili upepo wa bahari upite. Ni nzuri, shangazi, ila ni uzuri wa mtu aliyevaa akasubiri wageni wasije. Ghorofani hakutumiki. Ngazi zimeliwa na chumvi, na ufunguo anao mlinzi, Mzee Shaaban.

Raskazone nilikwenda. Nilidhani nitaona mahali pa kutisha, kumbe ni ufukwe tu, watu wanaogelea na kula mihogo ya kukaanga, watoto wanapiga kelele. Nilisimama pale nikakosa pa kuanzia. Unamwulizaje mtu habari za mwaka 2015? Mama mmoja anayeuza mihogo ndiye aliyenijibu. Alisema, "Bahari ya hapa haina choyo, mwanangu. Ikimchukua mtu humrudisha. Ukiona viatu bila mtu, mtafute mtu nchi kavu." Sijui alisema kunifariji au vipi. Nakuandikia kama alivyosema.

Sasa kuna jambo jingine, na naomba usiseme nimeanza uzushi.

Juzi nilibaki peke yangu chumba cha chini, wenzangu wamekwenda kuswali na kula. Mchana kweupe. Nikasikia zeze juu ya kichwa changu. Si redio, shangazi. Lilikuwa linaanza, linasimama, linarudia palepale, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya wimbo. Nikatoka nje nikamwuliza Mzee Shaaban nani yuko juu. Hakuinua hata macho kwenye kahawa yake. "Hilo jini la Kigogo," akasema. "Lina miaka linapiga. Usipande, sakafu imeoza."

Mimi siamini majini, unajua. Lakini nilifunga tepu yangu nikaondoka, na kesho yake nikapima nyumba nyingine.

Mbusu mtoto.
Anitha


Mlali
30 Aprili 2023

Anitha,

Marahaba. Huku tumeanza kuvuna karanga. Pacha mkorofi nimemuuza kwa hasira, sasa namkumbuka.

Wakwe zake Daudi wamekuja kutoka Kikuyu, Dodoma mjini. Wanakaa sebuleni wamekunja mikono. Mama yake Hilda ameniambia kwa upole, upole ule wa kisu kilichonolewa, kwamba kama sisi hatuna jina la kumpa mtoto, wao watamchukua wakampe la kwao. Na simlaumu. Mtoto amekonda, shingo imekuwa ndogo. Hilda, nikipita, ananitazama mimi, halafu anamtazama mtoto. Mzee Joshua, kaka wa marehemu mume wangu, ametoa kauli mbele ya wote: mavuno yakiisha, jina litatolewa, nikitaka nisitake.

Halafu wewe unaniandikia habari ya jini la Kigogo! Ebo! Tangu lini majini yakaacha vinanda vya pwani yakajifunza zeze la kwetu? Na wimbo unaosimama ukarudia palepale, unadhani siujui? Obedi alikuwa hivyo. Hawezi kumaliza wimbo, kila siku anakwama mahali pamoja, nikawa namkaripia kutoka jikoni amalize au aache. Tangu nisome barua yako na mimi nalisikia. Napepeta karanga, nalisikia nyuma ya nyumba. Nikitua ungo, linatua. Daudi anasema ni waya wa uzio. Labda ni waya.

Naogopa, mwanangu. Sikufichi. Lakini panda. Sakafu imeoza, na wewe ni mwembamba. Simama mlangoni, usiingie, useme "Mbukwa," kama tunavyosalimia kwetu. Bibi yangu alinifundisha kwamba wafu husikia salamu lakini hawaitikii. Akiitika, ni mtu. Asipoitika, shuka bila kugeuka nyuma, kisha uniandikie.

Uniandikie kweli. Nimesahihisha madaftari miaka yote ile, mwandiko wa mtu anayeficha kitu naujua.

Shangazi


Tanga
25 Juni 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo na samahani sana kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi, halafu nikaugua malaria kidogo, sasa nimepona. Natumaini mavuno yamekwenda salama na wote hamjambo.

Tamasha la mwaka huu lilikuwa zuri mno! Mji mzima ulikuwa barabarani. Walifunga taa kwenye majengo ya zamani, hata nyumba yangu ikapendeza. Vikundi vilitoka Pangani, Lushoto, hadi Unguja. Nilitazama baikoko, ile ngoma yao ya kukata viuno, ila usimwambie baba. Siku ya kufunga tukala samaki ufukweni na kucheza mpaka miguu ikauma. Bahari ilikuwa imetulia. Nakutumia kwa Fredy machungwa ya Muheza na nazi chache, umpe mama mkwe wa Daudi labda atalainika.

Kuhusu lile ulilonituma, nilipanda. Nilisema mbukwa. Hakuna aliyeitika. Nafikiri ni upepo tu, ile milango inayotazamana.

Shangazi, mpeni mtoto jina.

Anitha


Mlali
16 Julai 2023

Anitha,

Machungwa yamefika, matamu. Kipupwe kimetushika, asubuhi tunatoka na mablanketi mabegani.

Tumefanya. Siku ileile Fredy alipoleta barua nilimwita Mzee Joshua nikamwambia mwanangu hayupo. Sikulia. Nilikuwa na kazi ya kuchagua mbegu, nikaendelea kuchagua.

Hatukuwa na mwili, basi tulizika katambuga. Nilisema sitazika viatu, na nimezika viatu. Kaburi liko nyuma ya nyumba, pembeni ya lile la kaka yake, tumelizungushia miiba mbuzi wasipande. Tumenyoa nywele, mimi, Daudi, na wajomba. Mchungaji alikuja akaomba, akaondoka mapema ili asione pombe ikitoka. Kila mtu alijua kazi yake, msiba ulikwenda vizuri. Watu wamenisifu jinsi nilivyojikaza.

Jioni, tukiwa bado na udongo miguuni, nilimchukua mtoto kwa Hilda. Alikuwa analia. Nikamtia tone la maji, nikamwambia sikioni, "Obedi." Anitha, alinyamaza. Alinyamaza katikati ya kilio, akafungua macho, akanitazama kama mtu anayenijua. Hilda alianguka magotini akashika miguu yangu. Toka siku hiyo ananyonya, analala, ananenepa. Utasema ni tumbo limekwisha lenyewe kama alivyosema nesi. Sema. Mama yake hasemi hivyo.

Basi ningepaswa kuwa na amani. Sina.

Barua yako ya mwisho nimeisoma hadi imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Mtu aliyekwenda kwa mzimu akarudi hawezi kujaza barua habari za tamasha na baikoko. Na umesema "hakuna aliyeitika" halafu mstari unaofuata kalamu imesimama, wino umekuwa doa.

Tena naota. Obedi anasimama kwenye mlango wa jikoni, haingii, anatazama sufuria. Hilo si kitu, wafu huja kutazama sufuria. Lakini huyu ninayemwota ana mvi kidogo hapa kwenye kisogo, na tumbo limeanza kutoka. Kaka yake nikimwota bado ni mtoto wa miaka minane, miaka yote hii. Wafu hawazeeki, Anitha. Kwa nini wangu anazeeka?

Nijibu.
Zipora


Tanga
3 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Sitasimulia habari za afya wala kazi. Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana.

Aliitika.

Nilipanda zile ngazi, nikasimama mlangoni, nikasema mbukwa. Zeze likanyamaza. Halafu sauti ya mtu ikasema "Mbukwa," taratibu, kama mtu aliyesahau neno akalikuta mdomoni. Alikuwa amekaa chini kwenye roshani, kavua shati kwa joto. Ana mvi kisogoni. Sikukwambia hilo, uliliota mwenyewe, na nilipolisoma kwenye barua yako nilishindwa kulala.

Ni Obedi, na ni mzima, shangazi. Anafanya kazi ya useremala. Siku hizi anaitwa Salehe. Ana mke, Sabrina, binti wa yule Mzee Shaaban mlinzi, na wana mtoto wa kike. Mkwe wake ndiye anayempa ufunguo apande kupiga, maana akipiga nyumbani majirani wanauliza ametoka wapi. Habari ya jini aliitunga mzee ili watu wasipande.

Nilimwuliza kwa nini. Nilikasirika hadi nikamtukana. Akanijibu bila hasira, na nakuandikia maneno yake kwa sababu aliniomba nisiyapunguze. Alisema, "Mimi nilivalishwa nguo ya marehemu tangu utotoni. Nikipata alama nzuri, mama anasema kaka yako angepata zaidi. Nikiugua, ananililia kwa sauti ya msiba wa yule. Siku ile Raskazone nilivua viatu nikatembea pembezoni mwa maji, sikuwa na nia yoyote. Nikakutana na mtu akaniuliza jina. Nikashindwa kulitaja. Nikaona naweza kutolitaja tena maisha yangu yote." Hapo nikamweleza habari ya mtoto anavyolia. Akasema, "Wampe. Mimi sitaki kurudi kulichukua. Waambie sikuitika."

Nikakubali. Nilidhani nawasaidia wote, wewe, yeye, na mtoto. Sikujua mtazika. Mimi nilifikiri mtanong'ona tu jina, basi. Nisamehe.

Nilipopata barua yako nilimsomea. Tulipofika kwenye katambuga alitoka nje. Baadaye akauliza kaburi mmeliweka upande gani. Nikamwambia pembeni ya kaka yake. Akacheka, kicheko kibaya, akasema, "Hata huko!"

Tangu siku hiyo hapigi zeze. Mkewe anasema hata kula hali vizuri. Jana alikuja kuniuliza kama basi la Dodoma bado linasimama Kibaigwa, huko kwenu. Sijui anataka nini. Nimeona ni heri ujue mapema.

Nisamehe tena.
Anitha


Mlali
29 Oktoba 2023

Mwanangu Anitha,

Marahaba. Jua ni kali, vumbi limeingia hadi kwenye sanduku la nguo. Tunatayarisha mashamba. Mtoto ameota meno mawili na anamng'ata kila mtu.

Barua yako niliisoma nikaichoma kwenye jiko, na sikumwambia mtu. Kwanza nilikukasirikia wewe. Kisha nikamkasirikia yeye. Nguo ya marehemu! Mtoto aliyezaliwa nikiwa bado nalia, mlitaka nimlee kwa kicheko cha kununua wapi? Nilimpenda. Mwambie nilimpenda yeye, huyohuyo. Anajua hivyo, hata akisema hajui.

Amekuja.

Alikuja mchana, anatembea kwa miguu kutoka barabarani, na mfuko mdogo na kofia kama za huko pwani. Nilikuwa kibarazani nachambua mlenda. Daudi alikuwa anatengeneza jembe. Nilimwona Daudi akisimama, jembe likamtoka mkononi, na nilipotazama alikotazama nikajua. Hata angekuja amefunikwa gunia ningemjua kwa anavyorusha mguu wa kulia.

Na Hilda naye akatoka ndani, mtoto mgongoni.

Unajua Hilda aliolewa hapa baadaye. Hakuwahi kumwona Obedi, na picha sina, nilizificha zote. Aliona mtu mzima wa pwani amesimama uani na jasho usoni. Akasema kwa furaha yake ile, "Karibu mgeni!"

Anitha, nilikuwa na neno moja tu mdomoni. Ningelisema, mwanangu angekuwa mwanangu. Na Mzee Joshua angekuja na wazee wake, wangefukua zile katambuga, wangemvua mtoto jina. Nikamtazama mtoto mgongoni kwa mama yake, mashavu yamejaa, analala na mdomo wazi. Ningemvua jina nimpe lipi? Yote nilikwisha kumtajia. Nikakumbuka ile shingo.

Nikasema, "Karibu mgeni. Kaa kivulini."

Akanitazama. Akaelewa. Siku zote alikuwa na akili, sema hakuwa na haraka. Akasema, "Asante, bibi. Nanunua alizeti, nimesikia mna alizeti nzuri." Daudi akamletea kigoda na maji, maji akamwaga nusu. Mtu na ndugu yake wa tumbo moja wakakaa wakazungumza bei ya alizeti.

Nilichinja jogoo. Hilda alinishangaa, jogoo mzima kwa mnunuzi wa alizeti! Nikamwambia mgeni wa mbali ni baraka. Nikamsongea ugali wa uwele, na mlenda aliokuwa anaupenda. Alikula polepole. Alimaliza, akafuta sahani kwa kidole kama zamani, akaona namtazama, akaacha.

Hilda ndiye aliyekuwa anaongea. Maskini, alikuwa anatuchangamsha, aliona tumenuna. Akamwuliza, "Umetoka Tanga? Shemeji yangu alifia huko, baharini. Tumemzika mwaka huu tu, alikaa muda mrefu bila kuzikwa, ndiyo maana mwanangu alikuwa anateseka." Akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwake. "Mshike. Huyu ndiye Obedi."

Daudi aliondoka akaenda nyuma ya nyumba.

Mwanangu alimshika yule mtoto vizuri, mkono mmoja chini ya kichwa. Ni baba, amezoea. Mtoto akaamka akamtazama, akashika ndevu zake. Hakulia. Yeye akasema, "Ni jina zuri. Mwiteni kwa jina lake, msimwambie habari za mwingine." Hilda akasema, "Kwani mwingine simjui hata mimi, nitamwambia nini?" Akacheka. Na yeye akacheka, Anitha, kicheko cha kweli, sijakisikia tangu akiwa na meno ya utoto.

Aliponyanyuka aliomba nimwonyeshe njia ya mkato. Tukapita nyuma ya nyumba. Alisimama kwenye kaburi lake. Nilitaka kumshika mkono, lakini Hilda alikuwa anatuangalia kutoka dirishani, na mwanamke mzee hamshiki mkono mnunuzi wa alizeti. Tukaenda hadi kwenye barabara, mbele ya watu, tumeachana hatua kadhaa. Nikamwambia safari njema. Akapanda bodaboda akaenda.

Toka siku hiyo sioti tena, na zeze silisikii. Hilda akimwita mtoto uani, "Obedi! Obedi, weka chini hicho!", mtoto anageuka kumtazama mama yake, na mimi nageuka kutazama barabara. Kila mara. Daudi ameniona.

Sasa nisikilize, na haya umwambie kama nilivyoyaandika. Asije tena. Amepata alichotaka, mtoto amepona, na mimi nimemwona. Mtu akizikwa amezikwa, hatuwezi kucheza na mambo haya, mtoto ni mdogo. Asije.

Na kama atakuja, aje siku ya Jumatano, Hilda huwa shambani.

Shangazi yako,
Zipora